Mandala si ua la hina

Juzi, kwenye shughuli ya hina, mpambaji alimchora bibi harusi duara la maua katikati ya kiganja, akatutangazia kwa fahari: "Hii inaitwa mandala." Si wa kwanza. Neno hilo nimeshalisikia kwa wauza vitabu vya kupaka rangi na kwa mafundi wa kupamba kuta, na sasa limenifika hapa.

Mandala ni mchoro mtakatifu wa Wahindu na Wabudha, unaoonyesha ulimwengu na makao ya miungu, nao hutumika katika ibada na tafakuri. Maana yenyewe ndiyo hiyo.

Kero yangu ni duara. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, mandala ni duara kweli, lakini hata kila kimoja cha vitabu 10 vya Rigveda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, huitwa mandala, na hakuna kilicho cha mviringo. Watibeti walipolitia katika lugha yao walisema kyilkhor, yaani kitovu pamoja na kinachokizunguka. Pasipo kitovu hakuna mandala, hata mchoro uviringe kama chungwa.

Halafu tazama ndani. Mandala nyingi za Kibudha zina mraba wenye malango manne, kila upande wa dunia lango lake. Ni ramani ya jumba la kifalme linalotazamwa kutoka juu. Wavaa kanga wataelewa upesi: kuna pindo, na kuna mji. Katika mandala ya Kalachakra, mojawapo ya mandala za Wabudha wa Tibet, jumba hilo lina miungu 722, kila mmoja na mahali pake. Huongezi jani kwa kuwa pamebaki nafasi.

Watawa wa Tibet huitengeneza hata kwa mchanga wa rangi. Hupiga mistari kwanza, kisha hukwaruza mrija mwembamba wa chuma ili utetemeke na kudondosha punje chache chache, wakianzia katikati kwenda nje. Kazi huchukua siku kadhaa. Ikiisha, huombewa, hufagiliwa, na mchanga humwagwa majini. Hina angalau hukaa wiki.

Mpambaji yule ana mkono mzuri, sina neno. Ila dada yangu, hilo ni ua. Siku ukitaka kuchora mandala, anza na kitovu, zungushia mraba, fungua malango manne, kisha uniambie nani anakaa ndani.