South Armagh: jeshi lilipoikimbia barabara

Operesheni Banner ikitajwa, wengi hukumbuka mitaa ya Belfast na Derry. Mimi kueleza miaka 38 ya operesheni hiyo ya jeshi la Uingereza huko Ireland Kaskazini, tangu Agosti 1969 hadi Julai 31, 2007, huanzia mashambani South Armagh, mpakani na Jamhuri ya Ireland. Huko IRA, kundi lenye silaha lililopigania kuiondoa Uingereza Ireland Kaskazini, haikuwa na haja ya kuteka eneo. Ilitosha barabara isipitike.

Bomu lilifichwa ndani ya kalavati chini ya lami, na mlipuaji akakaa mbali, pengine ng'ambo ya mpaka ambako askari hakuruhusiwa kumfuata. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, jeshi lilikuwa limeacha kusafiri kwa magari katika sehemu kubwa ya eneo hilo. Chakula, mafuta, askari wa zamu, hata takataka za kambi ya Crossmaglen, vyote vilibebwa kwa helikopta kutoka Bessbrook, kwenye kiwanda cha zamani cha kitani. Kiwanja cha helikopta cha hapo kikasifika kuwa na pilikapilika kuliko vyote Ulaya. Sifa hiyo mimi naihesabu upande wa hasara.

Waliobaki ardhini walitembea kwa miguu. Doria ya kawaida ilikuja kuwa ya watu 12, waliogawanywa vikundi 3 vya watu 4. Kimoja kilifuata njia kuu ya doria. Viwili vilizunguka pembeni, mara mbele, mara nyuma, bila mpangilio wa kukaririka. Lengo halikuwa wingi wa bunduki. Mlipuaji au mdunguaji hutaka kwanza uhakika wa kutoroka, na asipojua kikundi cha tatu kiko wapi, huahirisha. Doria ikisimama, kila askari alikagua mita 5 kumzunguka, kisha 20. Mageti na mapengo ya ua yaliepukwa, maana ndiko mabomu yalikotegwa. Watu walijipenyeza palipo na miiba mingi zaidi. Ni kazi ya kuchosha, na uchovu ndio unaomrudisha mtu getini.

Mazoea yaliua hata pale utaratibu ulipofuatwa vizuri. Agosti 27, 1979, karibu na Warrenpoint, bomu lililofichwa kwenye trela la nyasi kavu liliua askari 6 wa msafara. Wenzao walikimbilia lango la mawe lililokuwa karibu, wakalifanya kituo cha kuongozea uokoaji. IRA ilikuwa imechunguza askari hufanya nini baada ya mlipuko, ikatega la pili hapohapo. Lililipuka baada ya kama nusu saa, likaua 12.

Udhaifu mwingine ulikuwa zamu zenyewe. Vikosi vya muda vilikaa miezi 4, baadaye kama 6. Batalioni zilizohamia na familia zao zilikaa takriban miaka 2. Kabla ya kwenda, askari walifanya mazoezi kwenye vijiji vya kuigiza huko Lydd, Uingereza, na Sennelager, Ujerumani, na kukariri picha za washukiwa. Lakini picha haikuambii kwamba mkulima fulani hukamua ng'ombe wake saa 11 alfajiri na leo taa haikuwaka. Askari anayejua hilo zamu yake inaisha, anafunga begi lake; anayempokea anaanza upya, huku adui akiwa ni yuleyule, kwenye shamba alilozaliwa.

Minara ya ulinzi iliyojengwa vilimani katikati ya miaka ya 1980 ilitibu sehemu ya tatizo hilo: kamera na kumbukumbu zilibaki askari walipobadilishana. Hata hivyo minara nayo ilihudumiwa kwa helikopta, na helikopta hulazimika kutua mahali panapojulikana. Machi 1994, moja ilipigwa kwa kombora la mota ilipokuwa ikitua Crossmaglen. Wenyeji nao waliichukia minara kwa kuchungulia nyua zao mchana na usiku, kwa hiyo baada ya mkataba wa amani wa 1998 kuivunja kukawa miongoni mwa madai makuu ya eneo hilo. Ya mwisho iliondolewa kabla ya operesheni kufungwa, na ulinzi wa barabara ukaachiwa polisi.