Leseni ya Daraja B Haikuruhusu Kuendesha Fuso

Msimu wa machungwa ukianza Muheza, malori ya kuyabeba huongezeka barabarani, na malalamiko huanza. Siku hizi hazipiti siku mbili hapa ofisini kwetu, polisi wa usalama barabarani Tanga, bila mtu kuingia na karatasi ya faini mkononi, akisema ameonewa: leseni anayo, muda haujaisha, na bado trafiki wa njia ya Segera kamwandikia. Naipokea leseni, naisoma. Daraja B. Gari aliloendesha ni Fuso, yaani lori. Leseni ni halali kabisa, ila si ya gari lile.

Daraja B ni la gari la kutembelea. Halihusu pikipiki, gari la biashara, gari zito wala gari la abiria. Gari la biashara lisilo zito linataka daraja D. Lori, tipa na semitrela ni daraja E. Mwenye E anaweza kushuka akaendesha kirikuu, yaani kigari kidogo cha mzigo. Wa D hawezi kupanda kwenye lori. Abiria wana madaraja yao, C na wadogo zake C1, C2 na C3, na E haiyagusi.

"Lakini afande, gari lilikuwa tupu." Hili nimelisikia mpaka basi. Gari zito halipungui daraja kwa kushusha mzigo. Chukua kadi ya gari, utaona uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa jumla linaoruhusiwa. Angalia huo wa pili. Hata mizani inakwenda hivyo: kwa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, inayotumika nchini tangu Machi 2019, gari lenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500 linapaswa kupita mizani, liwe na mzigo au halina.

Wengine husema mzigo ni wa shambani kwao, hawafanyi biashara. Kwa lori hiyo si hoja: lori ni lori, hata ukibeba mkonge wa babu yako. Kwa gari dogo, tazama kwanza kibao cha namba. Cha njano ni binafsi, cheupe ni biashara. Ukibebea watu mizigo kwa malipo na kibao chako ni cha njano, hapo una shauri jingine na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, nami siliingilii.

Utingo naye asisogeze gari kwenye foleni ya kuingia bandarini eti dereva kasinzia. Barabara ya umma ni ya umma hata ukienda mita kumi.

Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, na makosa huhesabiwa moja moja. Leseni isiyohusika ni kosa, tairi kipara ni jingine, kuzidisha mzigo kuna hesabu zake. Usipokubali kosa, shauri linakwenda mahakamani. Mwenye gari pia asikae mbali: Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimruhusu kumkabidhi gari mtu asiye na leseni ya gari hilo. Ajali ikitokea, kampuni ya bima itaanza kwa kuuliza leseni ya dereva.

Kuongeza daraja kunaanzia chuoni, katika chuo cha udereva kinachotambuliwa, si kwa kaka aliyeendesha Scania miaka kumi. Unapojifunza, beba leseni ya kujifunzia, weka herufi L mbele na nyuma, na mwalimu mwenye leseni akae pembeni yako. Ukimaliza, leta cheti kwa polisi wa usalama barabarani ufanyiwe majaribio. Ukifaulu, unahamia TRA, mamlaka ya mapato, na namba yako ya mlipakodi, unapewa namba ya malipo, unalipa, ndipo leseni inachapwa. Risiti ya malipo si leseni. Usiingie nayo barabarani ukadhani umemaliza.

Majaribio ya lori hufanyika kwa lori. Ukija na gari dogo kama Noah, tutakurudisha nyumbani.