Faini ya kutokuwa na bima ya afya Marekani: ya IRS imekufa, ya jimbo je?

Nafanya kodi za watu hapa California, na kila msimu lazima nisikie hii: "Si ile faini ya Obamacare Trump aliitoa?" Aliitoa kweli, ila ya serikali kuu tu, ile ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani); ya jimbo bado ipo, na hapo ndo watu wanapopigwa.

Kwa ufupi, sheria ya Obama ya 2010, ndo hiyo Obamacare, ilitaka kila mtu awe na bima ya afya kuanzia 2014, asiyekuwa nayo anakatwa faini kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya kila mwaka. Mwaka wa kwanza ilikuwa dola 95 kwa mtu mzima au asilimia 1 ya kipato, chochote kilicho kikubwa, ikapanda hadi 2016 ikafika dola 695 au asilimia 2.5. Halafu Bunge mwishoni mwa 2017 likaishusha mpaka sifuri, kuanzia mwaka wa kodi 2019. IRS sasa hawana faini ya kukudai.

Majimbo ni habari nyingine. Massachusetts walikuwa na faini yao hata kabla ya Obama, New Jersey na Washington DC wakaanza 2019, California na Rhode Island 2020. Vermont nao wanakutaka uwe na bima ila usipokuwa nayo hawakutozi chochote, sheria ya kukumbushana tu hiyo.

Chukua baba na mama na watoto wawili hapa California, mwaka mzima wa 2024 hawana bima, baba anaendesha Uber kwa hiyo hakuna mwajiri wa kumpa bima. Kila mtu mzima dola 900, kila mtoto 450, jumla 2,700, na hicho ndo kiwango cha chini, maana jimbo wanapiga pia asilimia 2.5 ya kipato kinachozidi kiwango cha kulazimika kufaili (kupeleka ritani), wanachukua ile kubwa. Rifandi ya jimbo (kodi ya kurudishiwa) waliyokuwa wanaihesabia inaliwa yote na bado wanadaiwa.

Kwenye fomu 540, ritani ya jimbo la California, kuna kiboksi cha kusema nyumba yenu nzima mlikuwa na bima mwaka mzima. Msikiwekee tiki tu ili mambo yaishe jamani, kampuni za bima zinapeleka taarifa zenu jimboni na watalinganisha. Kama hamkuwa nayo mnajaza fomu 3853, pale mnaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuwa na bima na nani hakuwa nayo, na ni hapo hapo mnaombea msamaha. Na misamaha ipo mingi kuliko watu wanavyodhani: pengo la miezi mitatu mfululizo au pungufu halihesabiwi, bima iliyokuwa ghali mno ukilinganisha na kipato chako nayo ni sababu, na asiye na makaratasi ya kuishi hapa kihalali hatozwi.

Kabla hujalipa hata senti pitia hiyo misamaha kwanza, mwambie anayekufanyia kodi mfungue 3853 pamoja. Na kama bado huna bima, dirisha la kujiandikisha la Covered California, soko la bima la jimbo, huwa linafunguliwa Novemba.