Jina adimu la ukoo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Jina letu ni adimu, basi tunatoka nasaba ya wakubwa."
Hapana. Jina linaporithiwa kwa baba, linahitaji mtoto wa kiume kila kizazi. Mwenye mabinti watupu, jina lake hukatikia hapo ingawa damu inaendelea. Katika karne ya 19 Waingereza Francis Galton na Henry Watson walilipigia hesabu jambo hili, wakaona majina yanaweza kutoweka kwa bahati tu, bila vita wala tauni. Jina adimu mara nyingi ni lile lililoponea chupuchupu.

Na nembo, ile ngao yenye picha inayodaiwa kuwa ya ukoo? Kwa desturi ya Uingereza nembo hupewa mtu na uzao wake, si jina. Anayekuuzia "nembo ya jina lako" anakuuzia picha.

"Wote wenye jina hili ni damu moja."
Hapa pana utamu. Sykes ni jina lenye asili ya neno la kaskazini mwa Uingereza lenye maana ya kijito, na vijito Yorkshire ni vingi, kwa hiyo ilidhaniwa waanzilishi nao walikuwa wengi. Mwaka 2000 vipimo vya kromosomu Y, sehemu ya urithi ambayo mtoto wa kiume huipata kwa baba, vikaonyesha karibu nusu ya wanaume wa jina hilo waliopimwa wana alama zilezile. Waliobaki wanaweza kuwa wametoka kwa mwanzilishi mwingine, kwa mtoto wa kulea, au kwa aliyepewa jina la mama. Utafiti uliofuata Uingereza ulionyesha kwamba kadiri jina lilivyo adimu, ndivyo wenye nalo wanavyoelekea kuwa na babu mmoja. Akina Smith, jina lililojaa kila mahali, hawana dalili hiyo. Ila mtoto wa kulea aliyelibeba jina ni wa ukoo sawasawa, na hakuna kipimo cha kumtoa.

"Herufi zikitofautiana, ni ukoo mwingine."
Shakespeare mwenyewe hakuliandika jina lake kwa namna moja. Karani aliandika alivyosikia.

"Makarani wa Ellis Island walibadilisha jina letu."
Makarani wa kituo hicho cha kupokelea wahamiaji, New York, walifuata orodha za abiria zilizoandaliwa kabla meli haijang'oa nanga. Wengi walibadilisha wenyewe, baada ya kuzoea Marekani.

"Jina limetoka pale lilipojaa leo."
Viwanda na meli viliwahamisha watu. Ndiyo maana wachora ramani za majina ya Uingereza hupenda sensa ya 1881. Kisha hurudi kwenye rejista za parokia, yaani daftari za kanisa za ubatizo, ndoa na mazishi, zilizoanza 1538, kijiji kwa kijiji.