Deni la serikali huuma kabla ya siku ya malipo

Mazungumzo ya deni la taifa karibu kila mara huishia kwenye swali moja: je, serikali itashindwa kulipa? Swali ni halali, ila linatufanya tusubiri tukio ambalo mara nyingi halitokei. Katika masoko ya mikopo na hatifungani (karatasi za deni ambazo serikali huwauzia wawekezaji), hasara kubwa huwa imeshawafikia watu mapema, wakati serikali bado inalipa kila mtu kwa tarehe yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Uingereza mwaka 2022, nchi ambayo katika kisa chote hicho haikuchelewesha malipo hata kwa siku moja.

Tarehe 23 Septemba mwaka huo, waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alitangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45, bila kuonyesha pengo lingezibwa na nini zaidi ya kukopa. Jumatatu iliyofuata pauni iliporomoka hadi karibu dola 1.03, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Jumatano ya tarehe 28, riba ya sokoni ya hatifungani za miaka 30 ilivuka asilimia 5, na Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni kununua hatifungani za serikali yake yenyewe ili bei isiendelee kuanguka.

Hapa tupige hesabu kidogo, maana bila hiyo habari nyingi za masoko hazieleweki. Hatifungani ni ahadi ya malipo yasiyobadilika. Tuseme umenunua ya shilingi milioni moja inayolipa laki moja kila mwaka. Riba yake ni asilimia 10. Wawekezaji wakianza kuitilia shaka serikali iliyoitoa, hakuna atakayeichukua kwako kwa milioni. Labda utaiuza kwa laki nane. Aliyeinunua kwa laki nane bado atapokea laki ileile kila mwaka, kwa hiyo kwake riba ni asilimia 12.5, na bado hatujaihesabu faida atakayopata akilipwa milioni nzima hatifungani itakapoiva. Ndiyo maana bei ikishuka riba ya sokoni hupanda. Serikali ikirudi kukopa upya, hakuna atakayeikopesha kwa asilimia 10 wakati sokoni anapata zaidi.

Waliokaribia kuzama Uingereza walikuwa mifuko ya pensheni, taasisi zinazosifika kwa tahadhari. Mingi ilikuwa imekopa fedha na kuweka hatifungani za serikali kama rehani. Bei ya rehani iliposhuka, wakopeshaji walidai nyongeza. Ili kupata fedha za nyongeza, mifuko iliuza hatifungani, mauzo yakashusha bei zaidi, na madai mengine yakaja, safari hii makubwa kuliko ya kwanza. Yote hayo yalitokea ndani ya siku chache. Benki Kuu ilisema iko tayari kununua hadi pauni bilioni 65. Mwishowe ilinunua kama bilioni 19 tu, kwa sababu kujulikana kwamba mnunuzi mkubwa yupo kulitosha kuwatuliza wengi. Wakati huohuo wakopeshaji wa nyumba waliondoa mamia ya aina za mikopo yao, na mapema Oktoba wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wenye kiwango kisichobadilika kwa miaka miwili ukapita asilimia 6, kwa mara ya kwanza tangu 2008. Kwarteng alifukuzwa kazi tarehe 14 Oktoba, na waziri mkuu Liz Truss akatangaza kujiuzulu tarehe 20.

Tuulize basi: mkopo wa nyumba wa mtu binafsi unahusianaje na bajeti ya serikali? Riba ya serikali katika soko la mikopo hufanya kazi kama bei ya unga kwa mama anayeuza maandazi. Serikali ndiyo mkopaji anayechukuliwa kuwa na hatari ndogo kuliko wote nchini, kwa sababu ina mamlaka ya kutoza kodi. Benki inapokupangia riba, huanza na ile ambayo ingeipata kwa kuikopesha serikali bila jasho, kisha huongeza gharama zake na hatari yako wewe. Kiwango hicho cha serikali kikipanda, hakuna namna chako kitabaki chini.

Kazi ya hatifungani za serikali haiishii kwenye kupanga bei. Benki huzitunza kama akiba inayouzika haraka siku wateja wanapotaka fedha zao. Taasisi hukopeshana usiku mmoja zikiziweka rehani. Kampuni za bima huzitegemea kulipa madai ya miaka ijayo. Karatasi moja inabeba majukumu mengi kiasi hiki, kwa hiyo ikitiliwa shaka, wanaotikisika ni wengi kuliko waliomkopesha mdaiwa.

Ugiriki ilionyesha jambo hilo kwa ukubwa wake wote. Kabla ya 2008 nchi hiyo ilikopa kwa riba iliyozidi ya Ujerumani kwa chini ya nusu asilimia, kana kwamba kutumia sarafu moja kulimaanisha kuwa na mkoba mmoja. Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ilitangaza kwamba nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanayozidi mapato, ingezidi asilimia 12 ya pato la taifa. Takwimu zilizorekebishwa baadaye ziliipeleka juu ya 15. Tarehe 27 Aprili 2010 kampuni ya kupima uwezo wa wakopaji kulipa, Standard & Poor's iliishusha Ugiriki hadi daraja la wakopaji wenye mashaka. Hapo kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: mifuko mingi ya uwekezaji hukatazwa na kanuni zake kushika hatifungani za daraja hilo, kwa hiyo huuza hata kama meneja wake anaamini atalipwa. Mwezi uliofuata nchi za kanda ya yuro na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zilikubali kuikopesha yuro bilioni 110.

Haikutosha. Machi 2012 wawekezaji binafsi walikubali kufutiwa zaidi ya nusu ya thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani zao. Kati yao zilikuwemo benki mbili kubwa za Cyprus, ambazo pamoja na nyingine za kisiwa hicho zilipoteza takriban yuro bilioni 4.5, karibu robo ya uchumi wote wa nchi yao. Juni mwaka huohuo Cyprus nayo iliomba kuokolewa, na makubaliano yakafikiwa Machi 2013. Katika Bank of Cyprus, wenye amana zinazozidi yuro 100,000 walikuta karibu nusu ya ziada hiyo imegeuzwa kuwa hisa za benki. Fikiria mfanyabiashara wa Limassol, mji wa Cyprus, ambaye hajawahi kuikopesha Athens, mji mkuu wa Ugiriki, hata senti: deni la Athens lilimfikia ndani ya akaunti yake.

Kwa nini benki zilijazana kiasi hicho kwenye deni la nchi moja? Kwa sababu kanuni ziliziruhusu. Benki ikimkopesha mfanyabiashara hulazimika kutenga mtaji wa kukinga hasara. Ikinunua hatifungani za serikali za Ulaya, mtaji uliotakiwa ulikuwa sifuri. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa la wasimamizi kuliko la mabenki, na linasikitisha kwa kuwa kanuni ya namna hiyo bado inatumika sehemu nyingi za dunia. Mkaguzi anapoandika kwamba hatari ni sifuri, benki itajaza ghala.

Hofu iliwafuata pia wasiohusika. Novemba 2011 riba ya sokoni ya hatifungani za Italia za miaka 10 ilipita asilimia 7, na Silvio Berlusconi akaachia uwaziri mkuu. Italia haikuwa Ugiriki, ila mwekezaji aliyechomwa Athens alihesabu ni nani mwingine ana deni kubwa, akauza. Kilichozima moto kilikuwa kauli. Tarehe 26 Julai 2012, akiwa London, rais wa Benki Kuu ya Ulaya Mario Draghi alisema benki yake ingefanya lolote linalohitajika, ndani ya mamlaka yake, kuilinda yuro. Mpango wa kununua hatifungani uliotangazwa Septemba haukutumika hata mara moja, na bado riba za Italia na Hispania zilishuka.

Wakubwa wana upendeleo wao. Marekani iliposhushwa daraja na Standard & Poor's tarehe 5 Agosti 2011, wawekezaji waliogopa, wakauza hisa, wakakimbilia hatifungani za serikali ileile iliyoshushwa; riba zake zikapungua. Si haki, lakini dola ndiyo sarafu ambayo dunia huitumia kujihifadhi. Wengine hawana kinga hiyo.

Nchi za Afrika hazina kinga hiyo kabisa. Zambia ilishindwa kulipa Novemba 2020, Ghana ikasimamisha sehemu kubwa ya malipo ya deni la nje Desemba 2022, Ethiopia ikafuata Desemba 2023. Katikati ya hayo Marekani ilikuwa inapandisha riba kwa kasi, na mwekezaji wa New York aliona heri abaki nyumbani. Tangu katikati ya 2022 hadi Januari 2024, Côte d'Ivoire ilipofungua tena mlango, hakuna serikali ya kusini mwa Sahara iliyouza yurobondi, yaani hatifungani za fedha za kigeni kama dola, kwa wawekezaji wa kimataifa. Mlango ulifungwa kwa waliodaiwa sana na kwa waliojiheshimu.

Kenya iliangukia humo. Yurobondi zake za dola bilioni 2 za mwaka 2014, zenye riba ya asilimia 6.875, zilikuwa ziive Juni 2024, na shaka ya namna zitakavyolipwa ilichangia kuisukuma shilingi hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka huo. Februari ilikopa dola bilioni 1.5 mpya ili kununua sehemu kubwa ya zile za zamani, na wawekezaji walidai zaidi ya asilimia 10. Mwezi huohuo hatifungani ya miundombinu ya ndani ilitoka kwa asilimia 18.46, bila kodi kwenye riba, na ikapata maombi mara nne ya kiasi kilichotafutwa. Deni la Juni lililipwa lote. Shilingi ikaimarika, hadi karibu 130 kufikia mwisho wa Machi.

Tuiangalie ile asilimia 18.46 kwa jicho la meneja wa mikopo. Serikali inampa hiyo, bila kodi na bila kumfuatilia mdaiwa. Mwenye duka la vipuri akija kuomba mkopo, atatajiwa riba ya kumkimbiza, au ataambiwa maombi yake yanafanyiwa kazi. Katika takwimu za deni la taifa mtu huyo haonekani popote, ingawa yeye ndiye aliyelipa.

Kwa msomaji anayetaka kufuatilia afya ya deni la nchi yake, uwiano wa deni na pato la taifa, unaotajwa kila mahali, unasaidia kidogo tu. Wa Japani umezidi asilimia 200 kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu imekopa kwa bei nafuu kwa sababu deni lake ni la yeni na wengi walioikopesha ni Wajapani wenyewe. Tazama badala yake sehemu ya makusanyo ya kodi inayoishia kwenye riba, kiasi kilichokopwa kwa fedha za kigeni, na kiasi kinachoiva ndani ya miaka miwili ijayo.

Na kwa mwenye hatifungani zake mwenyewe, sasa kwa vile Tanzania unaanza na shilingi milioni moja na Kenya na elfu hamsini: kushuka kwa bei sokoni si hasara mkononi mwako usipouza, mradi serikali ilipe. Ghana sharti hilo lilivunjika. Serikali iliwataka wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi, na mwanzoni mwa 2023 wastaafu waliandamana hadi wizara ya fedha mjini Accra kupinga. Kwa hiyo fedha za karo ya mwakani zisiende kwenye hatifungani ya miaka 20, hata kama riba yake inavutia. Siku utakayolazimika kuuza huenda ndiyo siku kila mtu anauza.