Je, wajua kwa nini nyumba ya shamba la Stöng haikupotea?

Kusini mwa Aislandi, katika bonde la Þjórsárdalur, yapo magofu ya shamba la Zama za Kati liitwalo Stöng. Mwaka 1939 wanaakiolojia kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya walilifukua, kazi ya hapo ikisimamiwa na Aage Roussell wa Denmark, wakakuta ramani nzima ya makao ya mkulima: ukumbi mrefu wenye meko katikati ya sakafu, sebule, ghala lenye alama za mapipa makubwa ya kuhifadhia vyakula vya maziwa, chumba chenye mifereji miwili ya mawe ambacho wachimbaji walikitambua kuwa choo, na, hatua chache kutoka hapo, zizi la ng'ombe ambalo vizuizi vyake ni mabamba ya mawe yaliyosimamishwa wima.

Jambo la kushangaza ni kwamba nyumba hiyo haikujengwa ili idumu. Aislandi haina miti mingi ya kujengea, kwa hiyo wakulima walikata mapande ya udongo pamoja na nyasi na mizizi yake, wakayapanga juu ya msingi wa mawe. Ukuta wa namna hiyo huhifadhi joto vizuri, lakini huoza, na baada ya miongo kadhaa hulazimu kujengwa upya. Kwa kawaida kila kizazi kilijenga palepale juu ya mabaki ya wazee wake, hata mahali pa nyumba pakawa kilima, na umbo la nyumba ya kwanza likavurugwa na zile zilizofuata. Stöng iliepuka hatima hiyo kwa sababu ilihamwa, na baada ya hapo hakuna aliyerudi kujenga juu yake.

Sababu ya kuhamwa inatazamana na bonde lenyewe, nayo ni mlima Hekla. Walowezi wengi wao kutoka Norwei walianza kuingia Aislandi katika miaka ya 870, na kwa zaidi ya karne mbili hawakuona Hekla ikilipuka. Mwaka 1104 ililipuka kwa nguvu kubwa, ikamwaga bondeni majivu na mawe mepesi yenye matundu, ya rangi nyeupe, yakafunika malisho ambayo ndiyo yaliyokuwa uhai wa mkulima na mifugo yake.

Mwaka huo haukujulikana kwa urahisi. Sigurður Þórarinsson, mwanajiolojia aliyeshiriki uchunguzi wa bonde hilo, alijenga elimu ya kukadiria umri wa mabaki kwa kulinganisha matabaka ya majivu, kwani kila mlipuko huacha tabaka lenye rangi na kemia yake. Mwanzoni alidhani tabaka la Stöng ni la mlipuko wa mwaka 1300, kisha akajisahihisha na kulirudisha hadi 1104. Wapo waliochimba tena baadaye, wakapata mabaki ya kanisa na dalili kwamba watu waliendelea kuishi hapo kwa muda baada ya mlipuko. Kwangu hoja hiyo ina uzito, maana mkulima hakubali kuacha ardhi ya baba yake kwa msimu mmoja mbaya.

Baada ya mlipuko huo habari za Hekla zilienea hadi nyumba za watawa za bara la Ulaya, ambako iliaminika kuwa mlima huo ni mlango wa Jehanamu. Wenyeji wa bonde, kwa upande wao, walimkumbuka zaidi mtu mmoja, Gaukur Trandilsson, anayesimuliwa kuwa bwana wa Stöng katika karne ya 10. Shairi fupi la kale linasema kwamba zama zilikuwa nyingine Gaukur alipoishi Stöng, na kwamba wakati huo njia ya kwenda Steinastaðir haikuwa ndefu. Wasimulizi huelewa kwamba huko alikuwako mwanamke aliyempenda, na kwamba penzi hilo ndilo lililomfanya auawe na Ásgrímur, ndugu yake wa malezi. Mauaji yenyewe yanatajwa kwa maneno machache katika Saga ya Njáll, mojawapo ya masimulizi marefu ya kale ya Aislandi yaitwayo saga, bila kueleza chanzo chake.

Gaukur alikuwa na saga yake mwenyewe. Katika hati kubwa ya karne ya 14 iitwayo Möðruvallabók, mwishoni mwa Saga ya Njáll, mwandishi ameacha agizo kwamba saga ya Gaukur iandikwe hapo, na kwamba ameambiwa Grímur Þorsteinsson anayo. Haikuandikwa, na nakala yake haijapatikana. Lakini katika kaburi la kale la Maeshowe, visiwani Orkney, kaskazini mwa Uskoti, yapo maandishi ya karne ya 12 ya runi, yaani herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, ambamo mchongaji anajisifu kuwa ndiye stadi wa runi kuliko wote magharibi ya bahari, na kwamba amechonga kwa shoka lililokuwa mali ya Gaukur Trandilsson, kusini mwa nchi, yaani Aislandi.