Ukumbusho wa Mnyama Aliyekufa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Kumwekea paka ukumbusho ni mambo ya Wazungu." Hili ndilo husemwa kwanza, na ndilo dhaifu kuliko yote. Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, wanaakiolojia wamefukua makaburi ya wanyama yaliyotumika karibu miaka 2,000 iliyopita. Wamekuta wanyama zaidi ya 500, wengi wao paka, na baadhi walizikwa na kola za chuma au shanga shingoni. Makaburi ya mbwa ya Hyde Park, London, yalianza 1881, juzi tu.

"Akishakufa, alama ya unyayo haichukuliki tena." Huchukulika, ila usichelewe, kwa sababu mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache na vidole havitanuki tena. Futa unyayo kwa kitambaa chenye maji, ukaushe, kisha punguza manyoya ya katikati ya vidole, maana hayo ndiyo huziba alama. Kanda unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1 na maji kidogo kidogo, yasizidi kikombe, hadi donge liache kunata. Lisukume liwe na unene wa kidole, ubonyeze unyayo mara moja tu. Oka kwa moto mdogo sana kwa saa kadhaa. Ukiwa na pupa litavimba na kupasuka. Likishapoa, lipake vanishi pande zote. Chumvi huvuta unyevu, na kwa hewa ya Mombasa au Tanga donge lisilopakwa hulainika upesi.

"Ni unga tu, hauna madhara." Chumvi iliyomo ni nyingi kiasi cha kumuua mbwa akilitafuna donge hilo. Kama kuna mbwa mwingine nyumbani, litundike juu.

"Plasta ya jasi ni bora, tumbukiza mguu tu." Hapana! Plasta hiyo, unga mweupe unaokorogwa na maji, hutoa joto inapoganda, na inaweza kumuunguza mnyama mgonjwa ambaye bado yu hai. Tumia wino wa mhuri usio na sumu na karatasi.

"Majivu yote hurudishwa." Inategemea ulicholipia. Wanyama wakichomwa pamoja, kwa kawaida hurudishiwi kitu. Uliza kabla.

"Zawadi nzuri ni ya kushtukiza." Kwa mfiwa, mimi sikubaliani. Yupo atakayeikumbatia kola kwa miezi, na yupo asiyetaka hata kuiona. Muulize. Kola yenyewe usiifue bila ruhusa, maana harufu ndiyo huondoka kwanza. Watoto nao waachiwe wachore wapendavyo, hata paka akitoka na miguu sita.

Jambo moja halina mjadala: mnyama anayeshukiwa kufa kwa kichaa cha mbwa haguswi, si kwa unyayo wala kwa manyoya. Mwite daktari wa mifugo, na ukumbusho utengeneze kwa picha zilizomo kwenye simu.